Ukizaa Yataisha: Historia ya Sentensi Moja

Ukizaa yataisha. Msichana anajikunja kitandani kila mwezi, ameshika tumbo, anatapika, shule haendi, na sentensi hiyo inaletwa na shangazi, na jirani, na muuza duka la dawa, wakati mwingine na daktari mwenyewe. Aliyeolewa anaambiwa azae. Ambaye hajaolewa anaambiwa aolewe, kisha azae. Aliyezaa na bado anaumwa, huyo hana jibu lake. Anaambiwa avumilie, maana hata mama yake alikuwa hivyohivyo.

Wengi tunadhani sentensi hii ni ya bibi zetu, eti imetoka kijijini pamoja na mitishamba. Ukiifuatilia nyuma inakupeleka mbali sana na kijijini. Imo kwenye maandishi ya madaktari wa Ugiriki ya kale. Imo kwenye majarida ya kitabibu ya Marekani ya miaka ya 1940. Imeishi zaidi ya miaka 2,000, na muda wote huo imefanya kazi ileile: kumwambia mwanamke mwenye maumivu asubiri, kabla mtu yeyote hajamuuliza anaumwaje.

Tuanze huko Ugiriki. Maandishi yanayobeba jina la Hippocrates, ambayo mengi yaliandikwa na watu tofauti kati ya karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo, yana sehemu kubwa inayohusu wanawake. Humo kuna andiko fupi juu ya magonjwa ya wanawali. Mwandishi anaeleza kwamba msichana akifikia umri wa kuvunja ungo na damu ikakosa njia ya kutoka, inarudi juu na kujaa kwenye eneo la moyo, naye anaweweseka, hata anataka kujiua. Dawa yake? Aolewe upesi. Akishika mimba, amepona. Andiko jingine, refu zaidi, linadai kwamba mwanamke ambaye hajazaa huteseka kwenye hedhi kuliko aliyezaa, kwa sababu mwili wa aliyezaa umeshafunguka na damu inapita kwa urahisi.

Humohumo kuna wazo kwamba mji wa mimba unaweza kuhama mahali pake na kupanda juu mwilini. Mgonjwa alifukizwa: harufu nzuri chini ili urudi, harufu mbaya puani ili ukimbie huko juu. Msomaji wa Pwani hapa atatabasamu, maana kujifukiza si jambo geni kwetu. Hata kitu kinachosumbua tumboni kama kiumbe hai si kigeni. Sisi tuna chango.

Kamusi zinalipa neno chango maana ya utumbo mwembamba na pia mnyoo. Lakini ukimsikia mwanamke wa Dar es Salaam akisema chango linamsumbua, mara nyingi anazungumzia tumbo la hedhi au tatizo lolote la kizazi. Dawa ya chango inauzwa sokoni, inauzwa stendi, siku hizi inauzwa hata kwa simu. Neno lenyewe lina uzuri wake: linakubali kwamba maumivu haya ni ugonjwa wenye jina, kitu cha kutibiwa. Shida ni kwamba limebeba mizigo mingi mno. Tumbo la kawaida la siku ya kwanza ni chango, uvimbe kwenye kizazi ni chango, maambukizi ni chango, kukosa mtoto ni chango. Jina likishakuwa pana hivyo, mwenye maumivu hajui kama anahitaji chai ya tangawizi au chumba cha upasuaji.

Na si kwamba Pwani ilikosa mahali pa kuzungumzia mambo haya. Ilikuwa na somo, ilikuwa na kungwi, ilikuwa na unyago. Bi Kidude, aliyefariki Zanzibar Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarab, lakini nyumbani alijulikana pia kwa kuwafunda wari kwa ngoma za unyago. Mwari alifundwa mwili wake, usafi wake, mume wake, na siri. Hiyo siri ilikuwa na maana yake, ilimlinda. Ila siri ina tabia moja: maumivu ya kila mtu yanabaki kwa kila mtu. Kama hujui mwenzako anaumwaje, utajuaje kwamba wewe unaumwa kupita kiasi?

Swali hilohilo liliwakabili wanawake wa Marekani mwaka 1873, ingawa kwa njia nyingine. Mwaka huo Edward Clarke, daktari aliyekuwa akifundisha Harvard, alitoa kitabu kilichodai kwamba masomo ya juu yanaharibu via vya uzazi vya wasichana. Kwa maelezo yake, mwili una nguvu za kiasi maalumu. Msichana akizitumia kwenye vitabu wakati wa siku zake, kizazi kinabaki bila kitu. Kitabu kilichapishwa tena na tena. Ghafla maumivu ya hedhi yakawa hoja ya kisiasa: ukikiri kwamba unaumwa, umejitoa mwenyewe darasani.

Aliyemjibu kwa uzito alikuwa daktari Mary Putnam Jacobi, aliyesomea udaktari Paris na kuhitimu mwaka 1871. Harvard ilipotangaza mashindano ya insha kuhusu kama wanawake wanahitaji kupumzika wakiwa kwenye hedhi, aliandika na kutuma kazi yake bila jina. Alifanya jambo dogo ambalo karibu hakuna aliyelifikiria: aliwauliza wanawake wenyewe. Alipeleka dodoso la maswali, akapata majibu ya wanawake 268, akaongeza vipimo vya mapigo ya moyo na vya nguvu za misuli katika siku mbalimbali za mwezi. Mwaka 1876 insha yake ikashinda tuzo ya Boylston. Hitimisho lake lilikuwa kwamba hakuna kitu katika hedhi ya kawaida kinachomlazimu mwanamke kuacha kazi au masomo.

Utafiti wake unakumbukwa kama ushindi wa elimu ya wanawake, na kweli ulikuwa ushindi. Lakini majibu yake yalionyesha pia kwamba wanawake hawafanani: wapo wasioumwa kabisa, wapo wanaoumwa kidogo, na wapo wanaoumwa sana. Maana yake, yule anayeumwa sana yuko tofauti, na inafaa aulizwe kwa nini. Nusu hii ya pili haikusikika vizuri. Hofu ya Clarke ilibaki hewani, na bado ipo. Zambia, jirani zetu, sheria yao ya kazi ya mwaka 2019 inampa mwanamke mwajiriwa siku moja ya mapumziko kila mwezi bila kuonyesha cheti cha daktari, na wanaiita Siku ya Mama. Ukiitaja ofisini kwetu, utasikia mtu akisema basi hakuna atakayeajiri wanawake. Clarke huyo, miaka 150 baadaye.

Sayansi ya maumivu yenyewe ilichelewa mno. Mwaka 1957 Vernon Pickles, mtaalamu wa fiziolojia katika Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, alitangaza kwamba katika damu ya hedhi kuna kemikali inayokaza misuli laini. Miaka michache baadaye yeye na wenzake waliitambua: prostaglandini. Jina hilo lilikuwepo tangu 1935. Lilitolewa na Ulf von Euler wa Sweden, aliyeikuta kwenye shahawa na kuipa jina la tezi dume. Ndiyo sababu hadi leo kemikali inayowaliza wanawake kila mwezi ina jina la tezi ya wanaume. Kufikia 1965 kundi la Pickles lilikuwa limeonyesha kwamba wanawake wenye maumivu makali walikuwa na kemikali hiyo kwa wingi zaidi.

Jinsi inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Ukuta wa ndani wa mji wa mimba unapobomoka, unatoa prostaglandini. Msuli wa kizazi unajikaza ili kuisukuma damu nje, na unapojikaza unabana mishipa yake wenyewe, hewa ya oksijeni inapungua, unauma. Kemikali ikiingia kwenye damu ya mwili mzima, unapata kichefuchefu, kuharisha, kichwa kuuma. Yote yale yaliyoitwa deko yana maelezo.

Mwaka 1971 John Vane, akiwa London, alionyesha kwamba aspirini na dawa za jamaa yake zinafanya kazi kwa kuzuia prostaglandini zisitengenezwe. Mwaka 1982 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Sweden. Katika ukoo huo wa dawa kuna ibuprofeni, iliyoanza kutumika Uingereza mwaka 1969 na ambayo leo ipo karibu kila duka la dawa la mtaani. Kutokana na historia hii unaweza kuelewa kwa nini dawa hizi zinafaa zaidi ukizimeza mapema, damu inapoanza au unapohisi dalili za kwanza: zinazuia kemikali isitengenezwe. Ukisubiri mpaka unagaagaa, imeshatengenezwa nyingi. Zimezwe baada ya kula, kwa kipimo kilichoandikwa. Mwenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo, pumu, au anayehisi huenda ana mimba aulize kwanza. Joto nalo linasaidia, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa juu ya kinena. Bibi hapa alikuwa sahihi. Kutembea na kunyoosha viungo pia.

Na vidonge vya uzazi wa mpango? Mwaka uleule wa 1957, Enovid, kidonge cha kwanza cha aina hiyo, kiliidhinishwa Marekani kama dawa ya matatizo ya hedhi. Ruhusa ya kukitumia kuzuia mimba ilikuja 1960. Kwa hiyo msichana anayeandikiwa vidonge hivyo na daktari kwa ajili ya tumbo la mwezi hajaruhusiwa umalaya, kama wazazi wengine wanavyodhani. Anapewa dawa kwa kazi yake ya kwanza kabisa.

Hapo ndipo sentensi yetu ilipotakiwa kufa, maana maumivu ya kawaida yalishapata sababu na dawa. Tukiri kwamba ina chembe ya ukweli: maumivu ya kawaida ya hedhi kwa wengi hupungua kadiri umri unavyosogea, na wengine hupata nafuu baada ya kujifungua. Mimba nayo inasimamisha hedhi kwa miezi tisa. Wagiriki waliona jambo la kweli. Kosa ni kuligeuza kuwa tiba ya kila mtu, hasa kwa sababu kuna maumivu ya aina nyingine ambayo hayaishi kwa kuzaa, na yanaweza hata kuzuia kuzaa.

Aliyeyapa maumivu hayo jina ni John Sampson, daktari wa upasuaji wa Albany, jimbo la New York. Mwaka 1921 aliandika kuhusu vivimbe vya ovari vilivyojaa damu ya zamani, nzito na nyeusi kama chokoleti. Baadhi ya wagonjwa aliwapasua wakiwa kwenye siku zao, akaona damu ikipita kwenye mirija na kuingia tumboni. Mwaka 1927 akaeleza nadharia yake: vipande vya ukuta wa ndani wa kizazi vinarudi nyuma na damu, vinajipandikiza kwenye ovari, kwenye utumbo, kwenye kibofu, na huko vinavimba na kuvuja kila mwezi kama vile bado viko nyumbani. Ugonjwa ukaitwa endometriosisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana wa umri wa kuzaa wanao, takriban watu milioni 190.

Ungedhani sasa ushahidi umepatikana, sentensi itanyamaza. Haikunyamaza, ilivaa koti jeupe. Katika miaka ya 1940 Joe Meigs, daktari mashuhuri wa magonjwa ya wanawake huko Boston, aliandika kwamba ugonjwa huu unatokana na wanawake wa tabaka la juu kuchelewa kuolewa na kuzaa. Ushauri wake ulikuwa waolewe mapema na wazae mapema. Hippocrates yuleyule. Hebu fikiria ukatili wake: mwanamke ana ugonjwa unaoweza kumfanya apate mimba kwa shida, na anaambiwa dawa ni mimba.

Wazo hilo lilikuwa na upande wa pili, na upande huo ndio unaotugusa sisi. Kama endometriosisi ni ugonjwa wa wanawake weupe, wenye fedha na waliosoma, basi mwanamke mweusi hana. Ndivyo ilivyoaminika katika tiba ya Marekani kwa miongo. Mwanamke mweusi akifika na maumivu ya nyonga, jibu lilikuwa tayari: maambukizi ya via vya uzazi, yaani PID, yale yanayotokana mara nyingi na magonjwa ya zinaa. Anapewa antibayotiki na jicho la kumhukumu. Mwaka 1976 Donald Chatman, daktari mweusi wa Chicago, alichapisha matokeo ya kuwachunguza wagonjwa wake weusi kwa laparoskopi, kamera ndogo inayoingizwa tumboni kupitia tundu dogo. Kati ya waliokuwa wameambiwa wana PID, kama mmoja kati ya watano alikuwa na endometriosisi.

Mtu mmoja kati ya watano. Walikuwa wakimeza dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao, na kubeba aibu yake nyumbani kwa waume zao.

Vyuo vyetu vya udaktari, kuanzia Makerere, vilijengwa juu ya vitabu vya Kiingereza, na kamera ya laparoskopi hadi leo iko kwenye hospitali kubwa chache. Mahali ambapo ugonjwa hauna chombo cha kuuona, ni rahisi kuamini haupo. Mwanamke anayezungushwa na antibayotiki za PID mara ya tatu, ya nne, vipimo vya maambukizi havionyeshi kitu na tumbo bado linauma kila mwezi, ana haki ya kuuliza swali la Chatman.

Juni 2024 Nairobi ilimzika mtangazaji Njambi Koikai, wengi walimwita Jahmby, aliyefariki akiwa na umri wa miaka 38. Alikuwa sauti ya rege kwenye redio na televisheni ya Kenya. Alieleza hadharani jinsi maumivu yake yalivyoanza alipovunja ungo, jinsi alivyokaa miaka mingi bila kupata jibu sahihi, na jinsi endometriosisi ilivyofika kwenye mapafu, yakawa yanasinyaa mara kwa mara. Mwaka 2018, baada ya Wakenya kuchanga, alipata upasuaji Marekani, akarudi, akatumia maikrofoni yake kuwaambia wasichana kwamba maumivu ya kumlaza mtu si ya kawaida. Kabla yake, ni Waswahili wangapi walikuwa wamewahi kulisikia neno endometriosisi? Somo na kungwi walifunda wari wachache kwa wakati mmoja. Yeye alifunda nchi.

Haki itendeke: katika miaka 20 iliyopita Afrika Mashariki imejifunza kuzungumza juu ya damu. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye sodo mwaka 2004, na mwaka 2017 ikatunga sheria ya kuwapa bure wanafunzi. Tanzania iliiondoa kodi hiyo kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha 2019, na wabunge wakabishana hadharani, jambo ambalo zamani lingekuwa aibu. Lakini mjadala wote ulihusu kitu cha kuizuia damu isionekane. Msichana anaweza kuwa na taulo za mwaka mzima na bado akakosa shule siku tatu kila mwezi, kwa sababu hawezi kusimama.

Kwa hiyo mpaka uko wapi? Baada ya historia yote hii, mpaka unajulikana, na hauhitaji digrii. Maumivu ya kawaida huanza mwaka mmoja au miwili hivi baada ya kuvunja ungo, hufika na damu au saa chache kabla yake, hudumu siku moja hadi tatu, na hutulia kwa dawa za kawaida na joto. Nenda hospitali kama umetumia dawa vizuri kwa miezi mitatu hivi na bado unakosa shule au kazi. Nenda kama maumivu yanazidi mwaka hadi mwaka, kama yalianza ukubwani wakati zamani hukuwa nayo, au kama yanaanza siku nyingi kabla ya damu na kubaki baada ya damu kwisha. Nenda kama tendo la ndoa linauma kwa ndani, au kwenda haja kunauma ukiwa kwenye siku zako. Damu inayolowesha pedi kila saa moja au mbili, yenye mabonge makubwa, au inayozidi siku saba, nayo ni sababu tosha. Inaweza kuwa faibroidi, ambazo wanawake weusi huzipata zaidi. Msichana ambaye tumbo linamuuma kila mwezi lakini damu haijawahi kutoka apelekwe, huenda njia imeziba, na waliokeketwa kwa kushonwa wako kwenye hatari hiyo.

Mengine hayasubiri kesho. Hedhi imechelewa na ghafla tumbo linauma sana upande mmoja, au unazimia: inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Homa pamoja na maumivu ya nyonga na uchafu wenye harufu. Kifua kubana na kukosa pumzi kila ukiingia mwezini. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

Ukienda, usiende na neno chango peke yake. Andika kwa miezi miwili au mitatu: siku damu ilipoanza, siku maumivu yalipoanza, pedi ngapi, dawa gani na kama ilisaidia, ulikosa nini. Mary Putnam Jacobi alimshinda profesa wa Harvard kwa karatasi za namna hiyo. Na ukiambiwa ultrasaundi iko safi, jua kwamba endometriosisi nyingi hazionekani kwenye ultrasaundi ya kawaida. Omba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake.

Shangazi naye aendelee kuchemsha tangawizi, hakuna anayemkataza. Ila kabla hajasema ukizaa yataisha, amuulize mtoto mambo matatu: yanaanza lini, yanaisha lini, na yanakuzuia kufanya nini. Akishasikia majibu, atajua kama amwekee maji ya moto au amtafutie nauli ya hospitali.